Nilivyowafaulisha Upimaji wa Akili

Mkutano wa wazazi ulifanyika kwenye bwalo la shule, na mimi nilifika kabla ya mwalimu mkuu, kabla ya mlinzi, na nadhani kabla ya jua lenyewe. Ndivyo nilivyo. Mtu aliyesoma sekondari ukubwani, masomo ya jioni, magoti yamebana kwenye madawati ya watoto, akisikia kengele ya shule hawezi kutulia. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na mke, watoto wawili na kibanda cha suruali za mitumba pale Mwembesongo, na cheti changu nimekitia kwenye fremu kubwa kiasi kwamba wageni wakiingia sebuleni hudhani ni dirisha, wanataka kulifungua.

"Wewe ndiye baba wa mwanafunzi?" aliniuliza mwalimu wa malezi, mama mwembamba mwenye sauti nene, aliyekuwa akiwapokea wazazi mlangoni.

"Mimi ni mjomba."

"Baba yake hayupo?"

"Yupo, mzima wa afya. Lakini sisi Waluguru, mwalimu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ukimtafuta mwenye mtoto, umeshampata."

Nilisema hivyo kifua mbele, na wazazi waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi tangu siku ile, na kila nikiyakumbuka natamani ningekuwa nimesema kwamba nimetumwa tu.

Niliyemjia mkutanoni alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu. Dada analima mlimani juu ya Mkuyuni, ndizi na mananasi na pilipili manga, na mtoto alipofaulu darasa la saba akanishushia mjini akae kwangu asome. Alipokuja alikuwa na mdomo kama redio. Aliweza kumwigiza imamu, kondakta na mke wangu ndani ya dakika moja, tukagaragara. Halafu kuanzia mwanzo wa mwaka ule akaanza kupungua, siyo mwili kwanza, sauti. Chakula anakiacha, nasema anatafuta umbo. Anakaa kwenye ngazi ya mlango mchana kutwa akitazama ukuta wa jirani, nasema anapiga hesabu kichwani. Hakuna aliyemfanya kitu, nilichunguza. Hakukuwa na mvulana, hakukuwa na mwalimu, hakukuwa na msiba. Kwa kuwa sababu sikuiona, nikaamua hata jambo lenyewe halipo.

Pale bwaloni tulielezwa na muuguzi wa afya ya akili, mwanamke wa makamo anayezungumza taratibu kama anayemimina uji usimwagike. Alisema wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wataulizwa maswali, kila mmoja peke yake, ili wale wanaobeba mambo mazito bila mtu kujua wapate wa kuwasaidia. Na ili sisi wazazi tusiwe na hofu, akatusomea maswali yote.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Na mtoto akishindwa?"

"Hakuna kushindwa, baba."

"Mama, kitu kimefanyika shuleni, kina maswali, halafu hakuna kushindwa?"

Bwalo likaangua kicheko, na mimi nikiwa wa kwanza. Mama aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Wanaoshindwa wanapelekwa Dodoma." Mtaani kwetu mtu akisema fulani kapelekwa Dodoma, kwa sauti ya chini namna ile, hamaanishi kwamba kachaguliwa kwenda bungeni, anamaanisha hospitali ya wagonjwa wa akili.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeyameza maswali yote pamoja na mikato yake. Kichwa changu ndivyo kilivyofundishwa. Masomo ya jioni yalinipa imani moja, nayo ni kwamba kila swali lina aliyelitunga, na aliyelitunga ana jibu analolitaka, na kazi ya mtahiniwa ni kumpa. Mimi mtahiniwa wa kujitegemea nimeingia kwenye vyumba vya mitihani nikiwa sijui hata somo lenyewe linaitwaje, nikatoka na alama ya kupita kwa kumsoma tu mtungaji. Sasa mtoto wa dada yangu aulizwe maswali nane na mtu asiyemjua, akwame, aanze kuitwa majina mtaani? Katika nyumba yenye cheti kikubwa kuliko dirisha?

Jumamosi baada ya alasiri nikatandika mikeka barazani na kuegemeza ubao wa plaiwudi ukutani. Nilikuwa nimemkusudia mpwa wangu peke yake, lakini watoto wa mtaa wakisikia kuna pindi la bure hawaambiwi mara mbili. Nikisema nusu ya Mwembesongo ilihamia barazani kwangu nitakuwa nimepunguza. Ukweli ni kwamba walienea kwenye mikeka miwili, ila kwa kelele walikuwa kata nzima.

"Sheria ya kwanza," nikasema, "usikurupuke. Swali linasema, katika siku za karibuni umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Jibu?"

"Hapanaaa!"

"Hapana kavu hiyo, inanuka uongo. Muuguzi akiisikia anajua mmefundishwa. Inyunyizie maji kidogo. Sema, 'Mara moja moja, hasa nikiwa na njaa.'"

"Mara moja moja, hasa nikiwa na njaa!" wakaitikia kama madrasa.

"La usingizi?"

"Nalala freshi, anko!" alisema binti mmoja mrefu, mtoto wa jirani wa nyumba ya pili, ambaye kicheko chake peke yake kilitosha kuendesha mashine ya kukoboa.

"Freshi iache hapa hapa barazani. Kule sema, 'Nalala vizuri, namshukuru Mungu.' Mtu akishamtaja Mungu wanaona aibu kuendelea kumchimba."

Wakacheka. Nilikuwa na raha, sitaki kudanganya. Sijawahi kuwa mwalimu, na siku ile nilikuwa mwalimu, profesa, na mkuu wa chuo.

"Sasa lile la mwisho," nikasema, "kama huwa unaona ni heri usingekuwepo. Hilo ndilo mtego. Hilo hata ukisita kumeza mate wanakuweka kando. Hapana yake itoke kabla swali halijafika mwisho."

Mpwa wangu hakuwa mkekani. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, magoti ameyakumbatia. Akauliza kutoka pale pale, bila kunyoosha mkono, "Mjomba, na kama jibu lenyewe ni ndiyo?"

Wote wakanigeukia. Ungekuwa wewe ungefanya nini sijui. Mimi niliona hadhira, nikaona nafasi, mdomo ukatangulia.

"Kama ni ndiyo, mpwa wangu, ikatie kitunguu uikaange. Ndiyo ikiiva vizuri inakuwa hapana."

Walicheka hadi kuku wa jirani wakaruka ukuta. Binti mrefu alilala chali. Na mpwa wangu alicheka, nilimwona meno. Kwa muda mrefu nilijitetea kwa meno yale.

Siku ya upimaji vijana wangu waliingia mmoja mmoja, wakatoka mmoja mmoja. Tuliambiwa wenye haja ya kuzungumza zaidi wataitwa kimya kimya baadaye. Baada ya wiki kadhaa, kutoka mtaa wa pili waliitwa, kutoka upande wa stendi waliitwa. Wa baraza langu hakuitwa hata mmoja. Nilitembea Mwembesongo nzima kama aliyepeleka timu fainali. Nikawanunulia chipsi mayai, wakala wakisimama, wakinipigia makofi. Sahani ya mpwa wangu ilibaki kwenye ngazi na uma umechomekwa katikati, na mwishowe paka ndiye aliyefaidi.

Mke wangu ndiye aliyeanza kunisumbua.

"Huyu mtoto halali," aliniambia. "Nikiamka kuswali alfajiri namkuta amekaa kitandani, macho makavu."

"Ana mitihani."

"Mitihani gani, mume wangu? Shule si zimefungwa wiki hii?"

"Basi anajiandaa na ya kufungua."

Akaenda zake jikoni. Mke wangu akinyamaza huwa ameniacha na mzigo wangu.

Shule zilipofunguliwa, asubuhi ya kwanza mpwa wangu hakuamka. Sare ilikuwa imepigwa pasi, imetundikwa kwenye msumari. Nilisimama mlangoni kwake nikaanza. Nilimwigiza mwalimu mkuu akimtafuta. Nikaiigiza sare ikilia kwamba imeachwa. Nilitoa vyote nilivyonavyo, na nina vingi, watu hunialika harusini kwa ajili hiyo. Alikuwa ameuelekea ukuta. Nilipoishiwa pumzi, akasema bila kugeuka,

"Mjomba, mimi si nilifaulu?"

"Ulifaulu. Na alama za juu."

"Sasa mbona bado?"

Nilishika fremu ya mlango. Nakumbuka kwamba ilikuwa na msumari uliochomoza na kwamba niliubonyeza kwa kidole gumba, nikaendelea kuubonyeza.

Nikamwambia twende kwa muuguzi, sasa hivi, nitafunga kibanda. Hapo ndipo alipogeuka na kukaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikaona uso wake una nguvu. Ilikuwa nguvu ya hofu.

"Hapana, mjomba! Watatufutia."

"Watatufutia nini?"

"Matokeo. Nikienda nikasema ndiyo, watajua siku ile nilidanganya. Wataniuliza nani kanifundisha. Watafuta ya wote, kituo kizima, wale wa barazani wote. Na wewe watakushika."

Kila mtoto wa nchi hii anajua habari ya kufutiwa matokeo. Anajua kwamba ikigundulika mmoja kaibia majibu, chumba kizima kinaweza kuondoka naye, waliosoma na wasiosoma. Mimi nilikuwa nimemfundisha kwamba ule ni mtihani, naye akaupokea mtihani kamili, pamoja na adhabu zake. Alikuwa hali, halali, anaona ni heri asingekuwepo, na katika hali hiyo hiyo alikuwa ametulinda sisi sote. Alikuwa ananilinda mimi, mwenye mtoto.

"Hakuna matokeo pale," nikamwambia. "Hakuna kituo. Ni mazungumzo tu yale."

"Unatania."

"Sitanii."

"Mjomba, wewe unatania kila kitu."

Akarudi ukutani.

Nilimwambia mke wangu asimwache peke yake hata kwenda chooni, naye akanijibu kwamba hilo alishalianza tangu juzi bila kungoja ruhusa yangu. Mimi nikapanda gari la Matombo, lile linalopitia Mkuyuni, kwenda kumleta mtu ambaye neno lake lingeaminika. Kutoka mjini hadi Mkuyuni si mbali, lakini siku ile barabara ilikuwa imerefushwa. Kutoka Mkuyuni nikachukua bodaboda hadi pale inapokatalia, kisha nikapanda kwa miguu kati ya migomba, suruali imelowa umande hadi magotini.

Dada alikuwa uani, amekaa mbele ya mkeka, anapukusa pilipili manga kutoka kwenye vikonyo vyake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Leo umekuja na uongo gani?"

Ndivyo anavyonipokea siku zote. Nikakaa kwenye kinu kilicholazwa, nikaanza kumweleza. Nilianzia bwaloni, na niseme kweli, sikujua namna nyingine ya kusimulia zaidi ya ile yangu. Nilipofika kwenye mikeka na ubao wa plaiwudi tayari alikuwa anacheka.

"Eti umewafundisha watoto kuwa wazima!" akasema, akijipangusa machozi kwa mkono wenye pilipili, akajiwasha, akacheka zaidi. "Jamani kaka yangu! Na wewe wamekupima?"

Halafu akaniona uso. Mikono yake ikatulia juu ya mkeka.

"Amefanya nini mtoto?"

Nikamwambia. Kitanda, ukuta, chakula, usingizi. Nikamwambia alivyouliza pale kwenye ngazi.

"Aliuliza hivyo? Kama jibu ni ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya wote."

"Ukamjibu nini?"

Nilijaribu kuruka. Nikasema nilimjibu mzaha tu, dada, unanijua. Akasema, "Mzaha gani? Niambie ulivyosema." Ikabidi niseme. Neno kwa neno, kitunguu, kukaanga, kuiva, kwa mama yake mzazi, mchana kweupe, migomba inasikia. Mzaha ule uliorusha kuku Mwembesongo ulitoka mdomoni mwangu ukaanguka kwenye mkeka wa pilipili na pale pale ukalala. Nimeshawahi kusema mambo ambayo hayakuchekesha. Sijawahi kusikia langu mwenyewe likiwa na sauti ile.

Dada hakunitukana. Ningefurahi angenitukana, ana matusi mazuri kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu. Alisema, "Nilikuletea wewe mtoto, nikamwacha mdogo wetu mwenye nyumba ya vigae, kwa sababu kwako kunachekwa."

Kisha akaifunika pilipili kwa turubai, akaweka mawe pembeni, akaingia ndani kuchukua khanga. Njia nzima ya kushuka alitangulia yeye. Mimi nilikuwa nyuma nikiwa nimebeba mkungu wa ndizi ambao hakuniomba niubebe.

Alipofika alivua kandambili mlangoni akaingia chumbani kwa mtoto akalala naye kitanda kimoja, vile vile na vumbi lake. Sikusikia walichosema. Asubuhi mtoto alikubali kwenda, kwa sharti kwamba muuguzi amwambie kwa mdomo wake kwamba hakuna atakayefutiwa.

Mwalimu wa malezi alitupigia simu kwa muuguzi, tukaelekezwa kwenye chumba kidogo cha kituo cha afya, chenye viti vya plastiki na pazia la maua. Nilieleza mimi. Nilisema niliyasikia maswali mkutanoni, nikayakariri, nikawafundisha watoto wa mtaa majibu, na huyu alitaka kusema ukweli nikamcheka. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia mtoto, mimi akaniacha.

"Mwanangu, sikuja shuleni kusahihisha. Hakuna karatasi ya kufuta. Mtu anaweza kunijibu hivi leo na kesho vile, na yote nikayapokea. Wenzako hawatapata shida yoyote. Mjomba wako naye hashikwi."

Mtoto akamtazama mama yake, kisha akanigeukia.

"Mjomba, apa."

"Wallahi."

"Usicheke."

Sikuwa nacheka. Uso wangu umeumbwa hivi, pembe za mdomo zimepanda juu tangu tumboni kwa mama, hata msibani watu hunishangaa. Nilijaribu kuzishusha kwa kukaza mashavu, na nadhani ndiyo nikazidi kuharibu, kwa sababu mtoto aliinamisha kichwa.

"Kaka," dada akasema, "toka nje."

Nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la korido kati ya mama mwenye mtoto wa surua na mzee aliyefungwa bandeji ya mguu, ambaye aliniuliza naumwa nini. Nikasema siumwi, nimesindikiza. Akasema, "Afadhali yako." Nyuma ya pazia nilisikia sauti ya muuguzi ikiuliza, ikipita taratibu, inasimama. Nilijua kila swali lilipofika, si niliyakariri. Nilijua lilipofika la mwisho. Palikuwa kimya. Mzee alikuwa ananieleza habari za mguu wake na mimi namwitikia, ndiyo, pole, ndiyo. Halafu nikasikia mtu analia kwa sauti, na kwa sekunde chache sikuweza kutofautisha kama ni mama au ni mtoto, kwa jinsi wanavyofanana.

Baadaye muuguzi alitoka akasimama mbele yangu.

"Umefanya vizuri kumleta," alisema. "Tumezungumza. Atakuwa anakuja kila Alhamisi, na wiki hii lazima awe na mtu mchana na usiku. Daktari atamwona kesho." Kisha akauliza, "Wale wengine walikuwa akina nani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa polepole.

"Nilishangaa mimi. Mtaa mzima unaniambia 'mara moja moja, hasa nikiwa na njaa'. Nikajua watoto hawa wana njaa. Nimewaombea uji shuleni, wanakunywa saa nne."

Ilikuwa kweli. Uji ulikuwa umeanza, nami nilikuwa nimeusifia mtaani kwamba serikali sasa imeamka. Pale koridoni sikujua niuweke wapi uso wangu huu. Mzee wa bandeji akacheka, akidhani tunataniana.

Kuanzia jioni hiyo nikapita nyumba kwa nyumba. Nilivaa kanzu ili nionekane mtu wa maana. Nikawaita vijana mmoja mmoja uani kwao nikawaambia, yale niliyowafundisha yafuteni, muuguzi atawauliza tena, mwambieni ya kwenu. Walinisikiliza macho yakimetameta wakingoja sehemu ya kuchekesha. Nilipomaliza bila kufika sehemu hiyo, wakacheka hata hivyo.

"Anko leo umetisha! Huo uso wa ustadhi!"

"Sitanii, mwanangu."

"Anko, ukiendelea hivi wewe ndiye utaenda Dodoma."

Mama mmoja alinishukuru kwa kumfaulisha mwanawe, akanifungia maandazi. Niliyapokea, sikujua kuyakataa kunaanzia wapi. Nimetumia miaka arobaini na kitu kujenga jina la kuchekesha, na nilipohitaji kuaminiwa kwa nusu saa jina lenyewe likanizibia mlango.

Muuguzi aliwauliza tena, mwenyewe, bila mimi. Safari hii waliitwa baadhi. Sikuambiwa ni akina nani na sitakiwi kujua, lakini nikikaa kibandani napanga suruali, akipita mmoja wao najikuta namtazama anavyotembea. Yule binti mrefu wa kicheko cha mashine hakuulizwa. Wazazi wake waliachana, akachukuliwa kwenda kukaa Ngerengere, hata kabla sijajua kwamba kuna la kurudi nyuma kurekebisha. Nilimtafuta kupitia shangazi yake, nikatuma ujumbe mrefu wa sauti, bila hata mzaha mmoja ndani yake. Jibu lililorudi, nalo la sauti, lilikuwa fupi: anko, niko freshi, nalala vizuri, namshukuru Mungu.

Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi. Naisikiliza sauti yake inapoishia. Nimepanga kwenda Ngerengere mwenyewe, na safari hii nimempigia muuguzi kwanza kumwuliza nikifika niseme nini. Akaniambia, "Usiseme. Muulize, halafu ngoja." Sijui kama ninaweza. Nafanya mazoezi kwa mke wangu, naye ananiambia nangoja kama mtu anayetaka kupiga chafya.

Dada alikaa kwetu hadi msimu wa pilipili ukapita. Mtoto anakwenda Alhamisi zake. Ziko siku anakwenda shule, ziko siku sare inabaki kwenye msumari. Watu wananiuliza, "Amepona?" kwa namna ile ile wanayouliza, "Amepata divisheni ngapi?" Zamani ningewapa jibu. Sasa nasema anaendelea kutibiwa, na wanaona nimekuwa mtu wa kiburi.

Juzi jioni alikuja akakaa nami barazani nikihesabu vifungo vya suruali. Nikamuuliza, "Jana ulilala?"

"Hapana," akasema. "Nililala kwa saa mbili tu hivi, halafu basi."

Yalinijia matatu ya kumchekesha, mazuri, moja lilikuwa la paka. Niliyaacha yapite. Nikasukuma suruali kando apate nafasi ya miguu, nikamuuliza ilikuwaje baada ya hapo, nikangoja. Alichukua muda mrefu kuanza.